Kreni ya rimoti: tangu kuchukua betri asubuhi hadi kurudisha ufunguo jioni

Opereta wa kreni wa zamani alikuwa na kiti chake. Alipanda ngazi, akaingia kwenye kibanda karibu na bati, akavuja jasho kutwa nzima, lakini kazi yake yote aliifanya akiwa mbali na mzigo. Kwenye karakana ndogo hakukuwa na kibanda. Kulikuwa na vitufe vinavyoning'inia kwenye waya, na opereta akawa kama mbuzi aliyefungwa kamba: waya ukiisha, naye safari imeishia hapo. Rimoti imetuondolea yote mawili. Unatembea unakotaka, unasimama unapoona vizuri.

Tatizo limo humohumo. Kibanda kilimweka mtu juu, mzigo ukawa chini. Waya ulimpangia pa kusimama. Ukishika rimoti unaweza kusimama popote, hata pale ambapo mzigo ukiteleza utakukuta. Tena chombo chenyewe ni kidogo, kinafanana na rimoti ya televisheni iliyonenepa, na kila anayepita karakanani anadhani anaweza kukitumia.

Mwongozo huu ni wa anayeendesha kreni ya juu inayotembea kwenye reli, wengine tunaiita winchi, ndani ya karakana au godauni la chuma kama yale ya kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Mifano nimeitoa kwenye kreni ya tani 5 kwa sababu ndiyo niliyoizoea.

Kwanza, rimoti inaongea na nini

Rimoti inatuma mawimbi ya redio. Juu kwenye boriti ya kreni kuna kisanduku cha kupokea mawimbi hayo, na ndani yake mna rilei, yaani swichi ndogo za umeme, zinazoamrisha kontakta, swichi kubwa za kuwasha na kuzima mota. Kila ujumbe unabeba namba ya utambulisho ya rimoti hiyo. Kisanduku kikisikia namba nyingine hakijibu, ndiyo maana kreni mbili zinaweza kukaa kwenye reli moja na kila moja ikamtii bwana wake.

Rimoti nyingi za viwandani zinatuma ujumbe mfululizo zikiwa zimewashwa, hata kama hujabonyeza kitu. Kisanduku kisipousikia ujumbe huo kwa muda mfupi uliowekwa na mtengenezaji, kinaachia kontakta kuu, umeme wa mota unakatika na breki zinashika. Na breki ya kreni ni kinyume cha ile ya gari: umeme ndio unaoifungua, springi ndiyo inayoifunga. Umeme ukipotea, mzigo unabaki ulipo. Likariri hili sasa, maana siku utakayolihitaji utakuwa na hofu.

Upande wa masafa, rimoti nyingi zinazouzwa kwetu na Ulaya zinatumia eneo la 433 MHz. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi ni za 915 MHz, na kwetu masafa hayo yanagusa yale ya simu za mkononi. Mtu akikuletea rimoti ya bei rahisi aliyoitoa huko kwenye kontena la mitumba, mwulize ni ya masafa gani kabla hujauliza bei. Vifaa vya redio Tanzania huidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano, kwa hiyo muuzaji makini atakuonyesha kibali.

Kuna la kuuliza zaidi. Januari 2019 watafiti wa Trend Micro, kampuni ya usalama wa mitandao, walitoa ripoti kuhusu rimoti za viwandani za watengenezaji saba. Walionyesha kwamba ujumbe wa redio wa rimoti hizo unaweza kurekodiwa na mtu mwingine, kisha akaurusha tena, na kreni ikautii kama umetoka kwa mwenyewe. Miezi michache kabla, Oktoba 2018, serikali ya Marekani ilikuwa imetoa tahadhari ya aina hiyo kuhusu rimoti ya kreni ya Telecrane F25, na mtengenezaji akatoa programu mpya ya kuirekebisha. Sidhani kama kuna mwizi anayehangaika na kreni yako ya kupakia nondo. Lakini ukiwa unanunua mpya, tafuta ile ambayo msimbo wake unabadilika kila ujumbe unapotumwa, na ukiwa na ya zamani mwulize wakala kama programu yake imesasishwa.

Hatua ya 1: mtu mmoja, rimoti moja, ufunguo mmoja

Rimoti ina ufunguo wake, wa kuzungusha au wa kuchomeka. Ufunguo huo unakaa ofisini kwa msimamizi, kwenye ndoano yenye namba ya kreni. Anayeuchukua anaandika daftarini jina, saa na namba ya kreni. Anayesaini ndiye opereta, na hakuna mwingine mpaka aurudishe. Kama unakwenda chooni, ufunguo unakwenda nawe.

Watu hucheka habari ya daftari. Karakana moja niliyofanyia kazi ilikuwa na rimoti ya akiba kwenye droo ya stoo, imenakiliwa namba ileile ya rimoti kuu. Siku moja kijana wa stoo akaitoa aone kama betri bado nzima. Akaiwasha, akabonyeza. Ng'ambo ya ukuta, mwenzetu alikuwa na bapa la chuma ndoanoni, amelishusha mpaka usawa wa kiuno ili alielekeze kwa mkono. Bapa likaanza kutembea peke yake. Alikwepa, tukashukuru Mungu, na msimamizi akamwita yule kijana.

"Nani alikwambia uiguse?"

"Mzee, nilikuwa naangalia chaji tu."

Alikuwa anasema kweli, na ndipo nilipojifunza: rimoti ya akiba inahifadhiwa bila betri, imefungiwa, na betri yake inakaa chumba kingine. Afadhali zaidi ni kuwa na akiba ambayo haijaoanishwa na kreni yoyote, yaani hakuna kreni inayoitambua namba yake, fundi aioanishe siku rimoti kuu itakapokufa. Inachukua muda kidogo, sawa.

Hatua ya 2: ukaguzi wa asubuhi

Dakika kumi zinatosha, kabla mzigo wowote haujafungwa.

Anza na rimoti mkononi, ikiwa imezimwa. Angalia mpira unaofunika vitufe kama umepasuka. Jasho, grisi na vumbi la grainda vinapenda kuingia hapo, na kitufe kinachoshuka bila kurudi juu ni hatari kuliko kitufe kilichokufa. Bonyeza kila kimoja usikie kama kinaruka vizuri. Angalia mishale na maandishi kama bado yanasomeka. Kama mtu ameifunga rimoti kwa mfuko wa nailoni na selotepu ili isichafuke, fungua utupe. Nimeshaona nailoni iliyojikunja ikashikilia kitufe cha kushusha. Kitufe chekundu cha kusimamisha kibonyeze, kifunge, kizungushe kiruke. Mkanda wa shingoni au kiunoni uwe mzima.

Weka betri iliyojaa chaji. Nyingine iwe kwenye chaja, maana betri ya rimoti haimalizi siku kwa ahadi bali kwa chaji, na zile zilizochakaa zinaonyesha taa ya kijani asubuhi kisha saa tano zinakuangusha.

Sasa washa kreni, ndoano ikiwa tupu na chini yake hakuna mtu. Jaribio la kwanza ni kitufe chekundu, kabla hujajaribu kitu kingine chochote. Iendeshe kreni polepole, bonyeza chekundu, isimame. Kizungushe kirudi, kisha bonyeza kitufe cha mwendo: kreni isisogee mpaka uiwashe upya kwa kitufe cha kuanzia. Kama inaondoka yenyewe mara chekundu kinaporuka, kazi imesimama, mwite fundi umeme.

Kisha jaribu kila upande kwa mwendo wa pole. Pandisha ndoano polepole mpaka ifikie swichi ya mwisho wa juu, uone kama inajikata yenyewe. Swichi hiyo ni ya kuokoa, haifanyiwi kazi ya breki. Anayeitumia kila siku kusimamishia ndoano atakuta siku moja imechoka, ndoano inagonga drumu la kukunjia waya wa chuma unaobeba ndoano, na waya huo unakatika.

Mara moja kwa wiki ongeza jaribio moja ambalo wengi hawalijui: kreni ikiwa inatembea tupu kwa mwendo wa pole, chomoa betri ya rimoti. Kreni lazima isimame yenyewe ndani ya muda ulioandikwa kwenye kitabu chake. Isiposimama, rimoti yako si salama hata kama vitufe vyote vinang'aa.

Hatua ya 3: jua upande upi ni upi

Hapa ndipo ajali nyingi za rimoti zinapoanzia, na hapa ndipo nitakawia.

Kwenye kibanda, kushoto kwa opereta kulikuwa kushoto siku zote. Alikuwa amekaa ndani ya kreni, anageuka nayo. Wewe unatembea sakafuni. Umeufuata mzigo hadi upande wa pili, umegeuka kuutazama, na kushoto kwako sasa ni kulia kwa kreni. Rimoti haijui kwamba umegeuka. Ukibonyeza "kushoto" kwa mazoea, mzigo unakujia.

Dawa yake ni kuachana na kushoto na kulia kabisa. Paka alama kubwa chini ya boriti ya kreni, zisomeke kutoka sakafuni: mishale yenye rangi, na rangi hizohizo kwenye vitufe vya rimoti. Au tumia majina ya mahali ambayo hayageuki. Sisi tuliandika LANGO upande mmoja na UKUTA upande wa pili kwa mwendo wa kreni, kisha STOO na OFISI kwa mwendo wa toroli, kile kigari kinachobeba ndoano na kukata boriti kwa urefu wake. Baada ya wiki mbili hakuna aliyekuwa anasema kulia. Msaidizi anaita "Peleka lango!" na opereta hahitaji kufikiri amesimama wapi.

Hata hivyo, mguso wa kwanza wa kila mwendo uwe wa nusu sekunde. Gusa, achia, angalia umekwenda wapi, ndipo ubonyeze sawasawa. Hilo halikupotezei muda wowote wa maana, na mara moja kwa mwezi litakuokoa.

Vitufe vingi vina ngazi mbili: ukibonyeza kidogo ni mwendo wa pole, ukizamisha ni wa kasi. Dole gumba la mtu mwenye glovu nene halijui tofauti. Kwa kazi ya rimoti vaa glovu inayokubana, na zile nene wavae wanaofunga mzigo.

Hatua ya 4: uzito, kabla ya ndoano

Rimoti haipimi. Kama mzigo hauna uzito ulioandikwa, piga hesabu. Bapa la chuma lenye eneo la mita moja ya mraba na unene wa milimita moja lina kilo 7.85. Kwa hiyo bapa la milimita 10, upana mita 1.5, urefu mita 6, ni kama kilo 706. Saba kati ya hayo ni karibu kilo 4,950, yaani unakaribia kabisa mwisho wa kreni ya tani 5, na bado hujahesabu minyororo na boriti ya kunyanyulia. Chukua sita.

Pembe ya mnyororo nayo inahesabiwa. Mzigo wa tani 2 kwa miguu miwili ya mnyororo iliyosimama nyuzi 60 kutoka usawa wa mzigo unaipa kila mguu kama tani 1.15. Ikilala hadi nyuzi 30, kila mguu unabeba tani 2 nzima. Mnyororo mfupi si akiba.

Hatua ya 5: nyanyua, tembea, shusha

Ndoano iwe juu ya kitovu cha mzigo kabisa. Rimoti inashawishi watu kuvuta mzigo kwa mshazari, maana opereta yuko mbali na anaona uvivu kusogeza toroli. Ukivuta hivyo, waya unaruka mfereji wake kwenye drumu, na mzigo ukinyanyuka tu unafyatuka kama manati kuelekea chini ya ndoano.

Kaza waya polepole. Msaidizi aondoe mikono kwenye minyororo, asogee, akuonyeshe ishara. Nyanyua sentimita kumi tu, usimame. Hesabu mpaka tano. Mzigo ukiwa unashuka taratibu wakati umeachia kitufe, breki imechoka; uteremshe na usiendelee. Ukilala upande mmoja, shusha ufunge upya. Usikubali mtu aukalie upande uliopanda ili usawazike, hata awe mkongwe wa kazi.

Ukiwa tayari kusafiri, beba mzigo chini kadiri njia inavyoruhusu, juu kidogo tu ya vikwazo. Wewe tembea nyuma yake na kwa ubavu, umbali wa angalau urefu wa mzigo wenyewe ukiweza. Usitembee kinyumenyume ukiuvuta kama ng'ombe. Usiingie kati ya mzigo na ukuta, nguzo, au lori. Na usimwamrishe mtu yeyote aukimbize kwa mkono. Mpe kamba ya kuelekezea na akae mbali.

Mzigo unaoning'inia ni pendulumu. Ukiwa na waya wa mita 6, safari moja ya kwenda na kurudi inachukua kama sekunde tano, uwe na kilo mia au tani tano. Opereta mgeni huona mzigo unakwenda mbele, akabonyeza nyuma kwa hofu, na kila akifanya hivyo bembea inakua, gia zinalia. Afanye kinyume: subiri mzigo ufike mwisho wa kwenda mbele, pale unapotulia kabla ya kurudi, kisha gusa kitufe cha mbele kidogo ili toroli iufuate hadi iwe juu yake, achia. Bembea inakufa. Fanya mazoezi na ndoo yenye mchanga mbele ya wenzako, mtacheka sana siku ya kwanza.

Anayetoa ishara ni mmoja, na mmekubaliana ishara hizo mapema. Lakini ishara ya "simama" anaitii opereta kutoka kwa yeyote, hata mama anayeleta chai. Simu ya mkononi ikae kimya mfukoni, na mkono wa pili usiwe na kazi nyingine.

Hatua ya 6: ikikwama katikati

Betri imekufa na mzigo uko hewani. Breki imeshika, mzigo hauendi popote. Weka watu mbali, bonyeza kitufe chekundu, badilisha betri, kisha anza upya kama asubuhi: chekundu kwanza, mguso mfupi, ndipo uendelee. Usimtume mtu apande akabonyeze kontakta kwa bisibisi. Ni mchezo wa mafundi tunaoujua wote, na kontakta iliyobonyezwa kwa mkono haisikii kitufe chekundu.

Umeme umekatika. Bonyeza chekundu, toa ufunguo, zungushia mzigo kamba au vizuizi, weka mtu alinde. Umeme ukirudi unaweza kurudi kwa kishindo, na usitake kuwa na rimoti iliyowashwa mkononi wakati huo.

Umeachia kitufe lakini ndoano inaendelea kupanda. Hapa kontakta imeganda, ncha zake zimeungana kwa joto. Bonyeza chekundu bila kufikiri. Kinakata kontakta kuu, iliyo tofauti na ile iliyoganda. Kama nacho kimeshindwa, kuna swichi kuu ya ukutani. Je, unaijua iko wapi? Nenda kaitafute leo, uhakikishe haijazibwa na magunia.

Kreni inasita, inakata na kurudi. Inaweza kuwa betri, antena iliyolegea, au kreni ya jirani iliyo kwenye masafa yaleyale. Usiizoee. Shusha mzigo, andika saa daftarini, mwite fundi.

Hatua ya 7: fundi akipanda juu

Kutoa betri ya rimoti hakumlindi aliye juu ya boriti. Swichi kuu inazimwa, inapigwa kufuli, na ufunguo wa kufuli unakaa mfukoni mwa fundi mwenyewe hadi ashuke. Kama ni mafundi wawili, makufuli ni mawili. Kreni ikikaguliwa na mkaguzi aliyeidhinishwa, mwonyeshe na rimoti pia, pamoja na daftari la ukaguzi. Tanzania ni chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Kenya ni ile ya mwaka 2007.

Hatua ya 8: jioni

Usiache kitu ndoanoni. Peleka kreni kwenye maegesho yake, pandisha ndoano juu ya vichwa vya watu lakini isigonge swichi ya mwisho, bonyeza chekundu, toa ufunguo, zima swichi kuu. Ifute rimoti kwa kitambaa kilicholowa kidogo, usiipulizie hewa ya kompresa wala kuiosha kwa tina. Betri kwenye chaja, rimoti kabatini, isitundikwe kwenye ndoano ya kreni kama nilivyoona mahali fulani. Ufunguo kwa msimamizi, saini yako daftarini, na kama kuna kitufe kilichokuwa kinasita mchana, kiandike hapohapo kabla hujavua buti.